Naombeni ushauri: uzamili wa uuguzi wa afya ya akili au afya ya jamii?

Habari za majukumu wanajamvi, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni muuguzi mwenye shahada, niko Mbeya, wodi ya afya ya akili. Pia nawasimamia wanafunzi wa diploma wanaokuja kwa mazoezi. Siku ya kwanza wengi hujibanza mlangoni, hata kumsalimia mgonjwa wanaogopa. Baadaye unamkuta mmoja amekaa kwenye benchi na mgonjwa, anamuuliza alilalaje na dawa zinamchosha kiasi gani. Hapo ndipo nilipojua nataka kufundisha na kufanya utafiti, maana walimu wa fani hii ni wachache mno.

MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) wana uzamili wa uuguzi wa afya ya akili, lakini ni kuhamia Dar. Mwajiri ananipa ruhusa, ada hana. Afya ya jamii naweza kusoma huku nikiendelea na kazi.

Nimeshaandika andiko fupi la utafiti: kwa nini wagonjwa wa saikosisi (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asione mambo kama yalivyo, mfano kusikia sauti zisizokuwepo) kutoka vijiji vya Rungwe na Chunya huacha dawa wakirudi nyumbani. Mhadhiri mmoja kaniambia nilipunguze, ni pana.

Maswali yangu:

Nikisoma afya ya jamii, vyuo vitanikubali baadaye kama mhadhiri wa uuguzi wa afya ya akili, au nitakuwa nimejifungia mlango?

Na kwa andiko hili, nianze kwa mahojiano na ndugu wanaomhudumia mgonjwa, au kwa kupitia mafaili ya kliniki?

Waliopitia njia hii naombeni mnielekeze. Natanguliza shukrani.