Naomba ushauri: Lushoto kwenda na kurudi siku moja, tule wapi chakula cha kwao?

Mpole_wa_Tegeta: Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi nampeleka mgeni Lushoto. Anataka chakula cha kule kule, si chipsi. Nisaidieni haraka.

Bi Karafuu: Ulizieni makande kwa mama ntilie wa sokoni, ila agizeni mkifika tu. Kule ni karibu mita 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, maharage yanachelewa kuiva. Ukiagiza saa 7 utaletewa mahindi ya kutafuna mpaka taya lichoke. Irente kuna shamba lenye jibini, jamu na mkate wa nafaka ya rai (rye), tena mlo wa mchana unaombwa mapema. Plamsi na peasi subirini Desemba.

Gia_Mbili: Mnatoka wapi?

Mpole_wa_Tegeta: Hilo si muhimu sana mkuu.

Gia_Mbili: Ndilo muhimu kuliko yote. Tanga au Dar?

Mpole_wa_Tegeta: Dar. Gari nimeshakodi, dogo, otomatiki. Tutatoka saa 10 alfajiri.

Gia_Mbili: Masaa 6 hadi 7 kwenda, vijijini mwisho ni spidi 50 na trafiki wapo. Mtafika saa 5. Mkiondoka saa 9, Dar ni saa 4 usiku. Nani atakupokea usukani?

Mpole_wa_Tegeta: Niko peke yangu, mgeni haendeshi. Ni mama mkwe mtarajiwa. Kulala haiwezekani, nimemwambia kule ni kwetu, akilala atauliza nyumba iko wapi.

Mzee wa Busara: Kijana, ndoa haijengwi kwa uongo.

Kijiko_Kikubwa: Mama mkwe anakula makande huku anatafuta kaburi la babu yako 😂

Chai_Haina_Sukari: Hii chai, stori ya kutunga. Mtu wa Lushoto anauliza makande yanaliwa wapi? Haya jibu: ukitoka Mombo, Soni iko kabla ya Lushoto au baada?

Mpole_wa_Tegeta: Baada.

Chai_Haina_Sukari: 😂😂 Iko kabla. Nimemaliza. Mods fungeni uzi.

Bi Karafuu: Chai au si chai, wa kweli wapo wanaosoma. Mkwe akae mbele, asubuhi ale kidogo, dawa ya kichefuchefu anywe saa moja kabla ya kufika Mombo. Ile njia ya kupanda kutoka Mombo ni kona zaidi ya kilomita 30.

Gia_Mbili: Kushuka ndiko kunakoua. Ukiacha gia kwenye D na kukanyaga breki muda wote, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama. Weka gia 2 kabla mteremko haujaanza, kona kali zaidi weka L. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni nusu saa, usimwagie maji, diski itapinda. Na ukungu ukishuka usiwashe taa kubwa, zinarudisha mwanga usoni.

Kijiko_Kikubwa: Kwa hiyo jibini anunue au asinunue?

Bi Karafuu: Anunue, kwa kisanduku cha barafu. Korogwe joto litaliyeyusha.

Mpole_wa_Tegeta: Mkuu Gia, gari hili halina 2 wala L. Lina S na B.

Gia_Mbili: B ndiyo ya mteremko. Tafuta dereva wa pili.

Mpole_wa_Tegeta: Gari lina nafasi ya wanne, na shemeji wawili wanakuja.