Tupeane uzoefu: karata zikikukubali, pesa ya poka unaishikaje?

Mwanzisha uzi (Ilazo)
Wakuu, habari za jioni. Wanaocheza poka hapa Dodoma tunajuana, mji wenyewe ndio huu. Sitaki tufundishane namna ya kushinda, hilo kila mtu anajifanya analijua. Nataka kusikia: ukiingia kwenye kile kipindi ambacho wiki baada ya wiki unatoka na hela za watu, mtaji unaulindaje? Maana nimeona wengi wakifilisika wakiwa wanashinda.

Naanza mimi. Pesa ya poka ina laini yake ya simu, haichangamani na mshahara wala kodi ya nyumba. Meza yetu ya Ijumaa kiingilio, yaani hela ya kuanzia mezani, ni elfu kumi, na sikai pale kama kwenye laini hakuna laki tatu, yaani viingilio thelathini. Wapo wanaosema ishirini vinatosha. Kwa mashindano, ambako unaweza kukaa miezi hujaona zawadi, wazoefu wanataka hamsini hadi mia. Laini ikifika laki sita najiruhusu kuonja meza ya elfu ishirini kule Area D. Ikishuka hadi laki nne, narudi Ilazo bila aibu. Mwisho wa mwezi sehemu ya faida naipeleka UTT, kwenye mfuko wa uwekezaji, kwa sababu kuitoa huko kunachukua siku kadhaa. Usiku wa Ijumaa haiwezi kunifuata mezani.

Mwanafunzi, UDOM
Mkuu, laki tatu ni za watumishi wa serikali kule Mtumba. Sisi hosteli tunachezea mia mia, na boom (hela ya mkopo wa wanafunzi) likikata tunachezea njiti za kiberiti.

Ila kanuni ni ile ile. Kuna Mmarekani, Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000. Mwaka 2006 alianza mtandaoni bila senti, akicheza mashindano ya bure, akafika dola 10,000 kwa kama mwaka na nusu. Masharti yake: asilimia tano ya mtaji, si zaidi, kwa meza ya kawaida, asilimia mbili kwa mashindano makubwa. Na chipu (vile vidude vya kuhesabia hela mezani) zilizo mbele yake zikizidi asilimia kumi ya mtaji wote, zamu yake ya dau la lazima ikifika anainuka. Hilo la kuinuka ndilo nalipenda, kwa sababu linakubana ukiwa unashinda. Hapa kwetu ukiinuka na hela za watu wananuna. Wanune tu.

Dereva bajaji, Nkuhungu
Dogo, malizia na upande wa pili. Huyo Ferguson alikuwa mmoja wa wamiliki wa kampuni ya mtandaoni alikofanyia hayo yote, Full Tilt Poker. Mwaka 2011 ikakwama, ikashindwa kuwalipa wachezaji pesa zao, mpaka kampuni nyingine ikaja kuinunua. Aliyewafundisha watu kutenganisha mtaji, kampuni yake haikutenganisha pesa za wateja na za matumizi.

Mwanzisha uzi
Umenena. Ndiyo maana hata anayecheza mtandaoni asiache mtaji wote kwenye akaunti. Zilizozidi zirudi nyumbani.

Mama wa duka, Majengo
Mimi sichezi, mume wangu ndiye anayecheza. Mwaka jana alikuwa anarudi na pesa kila wiki, mpaka akaanza kunitajia habari za kuacha kazi. Nikamwambia, usinionyeshe pesa, nionyeshe daftari. Aandike tarehe, meza, ameingia na ngapi, ametoka na ngapi, na nani alikuwepo. Alilalamika kweli, eti namfanya mtoto. Dukani kwangu hata kibiriti kinaandikwa, sembuse laki.

Baada ya muda tukakaa na lile daftari. Faida karibu yote ilitoka siku ambazo mkandarasi mmoja alikuwepo mezani, mtu wa kunywa sana na kufuata kila karata. Siku asipokuwepo, baba watoto yuko palepale au amepungua. Yule mkandarasi alipopata kazi ya barabara upande wa Singida, na ile bahati ikahamia Singida. Habari za kuacha kazi hazikutajwa tena, na dau lilibaki lilelile la mwanzo.

Mwanzisha uzi
Dada, hili ni zito kuliko kanuni zangu zote. Kanuni inakwambia una kiasi gani. Daftari linakwambia kimetoka wapi.

Mchezaji, Area D
Mnaogopa sana. Ukiwa wa moto unapanda, ukiwa wa baridi unashuka. Kila mwenye pesa kubwa hapa mjini aliwahi kuweka mzigo wote mezani mara moja.

Mwanafunzi, UDOM
Kaka, tufanye hesabu. Umeshika A mbili, mwenzio K mbili, mmeweka zote kabla karata za mezani hazijafunguliwa. Hapo uko pazuri mno, unashinda kama mara 82 kwa mia. Sasa weka mzigo wote hivyo mara tano mfululizo. Uwezekano wa kutoka mzima zote tano ni kama 37 kwa mia. Na hapo umepewa nafasi nzuri kila mara, jambo ambalo hata wewe wa moto hulipati. Karata hazijui kwamba wiki iliyopita ulishinda.

Mkulima wa zabibu, Hombolo
Shikamooni wakubwa, wengine marahaba. Mimi nacheza mara chache, nikishuka mjini kuuza mzigo. Zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo sisi kushika hela nyingi kwa mkupuo tumezoea, na tumeona inavyowafanya watu. Msimu ukiwa mzuri, mtu anasahau kwamba baada ya mavuno kuna kupogolea, kuna mbolea, kuna salfa ya kupulizia ugonjwa wa ubwiri. Ubwiri ukiingia na shamba halina hata shilingi ya dawa, hiyo hela ya msimu mzuri haina habari tena.

Kwa hiyo hela ya shamba inakaa kwenye SACCOS kabla sijafika mezani. Nakuja na kiingilio kimoja mfukoni, kikiisha nanunua soda natazama wenzangu. Nikishinda, sichezi tena safari hiyo. Najua wachezaji wenyewe watasema mimi si mchezaji. Kweli, mimi ni mkulima.

Dereva bajaji, Nkuhungu
Mzee, wewe ndiye mchezaji kuliko sisi. Mimi naongeza moja, maana naibeba kila siku kwenye bajaji. Mtu ametoka kushinda poka usiku, asubuhi nampeleka kazini yuko kwenye simu anakimbizana na kindege cha kamari, au anasuka mkeka wa kubeti mechi kumi na tano kwa hela ileile. Poka angalau unashindana na binadamu mwenzio, huko kwingine unashindana na mwenye mchezo, na hesabu ameshaipanga yeye.

Kuna Mgiriki, Archie Karas, aliingia Las Vegas mwishoni mwa 1992 na dola 50 mfukoni. Alifika zaidi ya dola milioni 40, nyingine akiwafunga wakubwa wa poka wenyewe. Mwaka 1995 nyingi ya hizo zikayeyuka ndani ya wiki kama tatu. Kwenye poka? Hapana, zaidi kwenye dadu na bakara.

Mchezaji, Area D
Huyo alikula maisha lakini.

Mwanafunzi, UDOM
Swali kwa mwanzisha uzi. Ukianza kushinda, watu wanakukopa palepale mezani. Unafanyaje?

Mwanzisha uzi
Mezani simkopeshi mtu. Deni la mezani linarudi mezani, halafu unajikuta unacheza dhidi ya hela yako mwenyewe. Ndugu akiwa na shida ya ada au hospitali namsaidia kutoka kwenye mshahara, ile laini haihusiki.

Mama wa duka, Majengo
Na namba ya siri ya hiyo laini, nani mwingine anaijua?

Mwanzisha uzi
Mke wangu. Laini yenyewe iko kwenye kiswaswadu chake. Nikitaka kiingilio naomba, na nikirudi usiku naweka kabla sijavua viatu.

Mwanafunzi, UDOM
Sasa sisi tusiooa?

Mama wa duka, Majengo
Mpe dada yako. Ila asiwe yule unayedaiwa naye.