Kwa nini magamba hurudi kinyume na mkondo nyuma ya matuta ya mchanga?

Mkazi wa Igombe:
Ndugu wanajamvi, naomba ufafanuzi. Hapa ufukweni, maji yanapofika magotini, nyayo hukanyaga vimatuta vya mchanga vilivyojipanga kama migongo ya bati, pande zake mbili zikilingana. Lakini kule kijito kinapoingia ziwani nimeona vingine ambavyo upande mmoja umelala na wa pili umesimama wima. Magamba ya dagaa yaliyokuwa yakisukumwa na maji, yakishavuka kilele, yalirudi nyuma. Je, tuta ndilo linalogeuza mkondo, au mkondo ndio unaolipa tuta umbo?

Mwalimu mstaafu:
Yote mawili, ndugu yangu. Mkondo unapopanda mgongo uliolala hubanwa, hivyo huongeza mwendo hadi kileleni. Upande wa kisogoni haujasimama wima kama ulivyodhani. Huinama kwa takriban nyuzi 30, ambao ndio mwisho wa mchanga kujishikilia bila kuporomoka, lakini hata hapo maji hushindwa kuufuata mteremko huo wa ghafla, yakajitenga na mchanga na kuacha chini yake mfuko wa maji yanayozunguka kinyume. Urefu wa mfuko huo mara nyingi ni mara 4 hadi 6 ya kimo cha tuta, yaani sentimita 12 hadi 18 kwa kimatuta cha sentimita 3, na humo ndimo magamba yako yaliponaswa. Tena, kanieneo ya maji, yaani msukumo wake juu ya kila eneo, huwa kubwa mbele ya tuta kuliko kisogoni, na tofauti hiyo huupunguzia mkondo nguvu, mbali na zile zinazopotea kwa msuguano wa punje zenyewe.

Vile vya ufukweni ni kazi ya mawimbi. Maji huenda na kurudi, kwa hiyo kila upande huwa kisogo kwa zamu. Hertha Ayrton, mwanasayansi wa Uingereza, alilieleza jambo hili mwaka 1904 mbele ya Royal Society ya London, chama cha wanasayansi, akiwa mwanamke wa kwanza kusoma hapo utafiti wake mwenyewe.

Ukitaka kujionea, dondosha majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa.

Mpima vina vya maji:
Kwa heshima, Mwalimu, hilo la mfuko wa maji yanayozunguka kinyume lisichukuliwe kuwa kanuni ya matuta yote. Katika mito mikubwa, matuta mengi yana kisogo kilichoinama chini ya nyuzi 10 hivi; hapo maji hufuata mchanga, au hurudi kwa vipindi vifupi tu. Mhandisi anayekadiria ukinzani wa matuta dhidi ya mkondo kwa kutazama kimo peke yake, bila kupima mteremko, atauongeza kupita kiasi, na kina cha mafuriko atakachokitabiri kitakuwa kikubwa mno.

Mkazi wa Igombe:
Nashukuruni. Leo alfajiri, kabla upepo wa ziwani haujaamka, nilikwenda kijitoni na majani ya chai. Yaliyopita juu juu yalikwenda zake. Yaliyozama karibu na kilele yalitambaa kinyumenyume hadi kwenye kisogo cha tuta, yakatulia hapo.