Msaada wakuu: kori moja imejaa 100%, nyingine zimelala

Mlinzi_wa_Lango: Wakuu habari za humu. Nina seva ya Linux inayofanya kazi ya ruta, prosesa ya kori 8. Kila jioni watu wakiingia mtandaoni kwa wingi, pakiti zinaanza kudondoka. Nikifungua `top` na kubonyeza 1, kori moja inasoma 99 na ushee kwenye `si` (muda wa kushughulikia pakiti zinazoingia), ksoftirqd yake, yaani kazi ya kerneli (kiini cha Linux) inayobeba mzigo huo, iko juu kabisa, na zilizobaki utadhani ziko likizo. Nimezima irqbalance inayogawa interapti (ishara za kadi ya mtandao kwa kori) yenyewe, nimezigawa kwa mkono kupitia smp_affinity, foleni moja ya kadi kwa kila kori. Wapi! Kuna sysctl (mpangilio wa kerneli) gani nimeisahau? Usingizi sina.

Kobe_Mbio: Achana na kerneli mkuu. Hamia DPDK, programu yako ichukue pakiti moja kwa moja kwenye kadi, utanishukuru.

Mlinzi_wa_Lango: Sijauliza hilo mkuu.

Kobe_Mbio: Basi XDP, uzishughulikie pakiti mapema kwenye drayva ya kadi.

Mzee_Nyaraka: Tatizo la vijana ni kuuliza kabla ya kusoma. RPS, ya kugawa pakiti zilizopokelewa kwa kori mbalimbali, iko ndani ya kerneli tangu toleo 2.6.35, mwaka 2010. Maelezo yake yamo humohumo kwenye msimbo wa kerneli, bure. Sisi tulisoma bila kubembelezwa.

Bi_Heksa: Hahaha, RPS imenikumbusha mbali. Kwangu kori zilikuwa nane, nikaandika `8` kwenye rps_cpus, faili la kuchagua kori za RPS, nikaenda kulala kwa raha zangu. Kumbe ile ni maski ya heksadesimali, kila biti ni kori moja, kuanzia kori 0. 8 maana yake kori namba 3 peke yake! Usiku kucha nimembebesha mtoto mmoja mzigo wa nyumba nzima. Kori nane zote ni `ff`, wajameni.

Nyuki_8080: Mleta mada, tuwekee /proc/interrupts, hesabu ya interapti kwa kila kori. Ichukue mara mbili, zipishane sekunde kumi, tuone foleni ipi inapanda.

Mlinzi_wa_Lango: Nimeangalia. Foleni namba 3 inakimbia, zile saba zinaongezeka kwa makumi tu. Ila wakuu, mimi naona shida ni prosesa kuwa ndogo. Nataka tu sysctl ya kunivusha wiki mbili.

Nyuki_8080: Kwa nini wiki mbili? Na hiyo trafiki inaingiaje?

Mlinzi_wa_Lango: Kawaida tu.

Nyuki_8080: Kawaida ndiyo ipi? Kadi haigawi pakiti kwa bahati nasibu. Inachukua anwani za IP na namba za poti, inapiga hashi (hesabu inayozigeuza kuwa namba moja), jibu linachagua foleni. Wateja wakiwa wengi, foleni zote zinapata. Zako zinakwenda moja, kwa hiyo kwa macho ya kadi una mkondo mmoja tu. Sema ukweli mkuu.

Mlinzi_wa_Lango: Sawa. Zote zinapita kwenye tuneli moja ya GRE, yaani kila pakiti inafungwa ndani ya bahasha nyingine, kutoka kwa anayetuuzia laini. Sikudhani inahusika ndiyo maana sikuandika.

Bi_Heksa: 😂😂 Mgonjwa anaficha kidonda, anaonyesha kucha.

Nyuki_8080: Hapo ndipo penyewe. Bahasha ya nje ina anwani mbili zilezile siku zote, na GRE haina poti. Hashi ileile, foleni ileile, kori ileile. Ungegawa interapti hadi vidole vichubuke, ungekuwa unagawa foleni tupu.

Kasi_Mpya: Si agawe pakiti moja moja kwa zamu? Ya kwanza kori 0, ya pili kori 1...

Nyuki_8080: Zitafika zimepishana. TCP ikiona mpangilio umevurugika inadhani kuna zilizopotea, inatuma upya na kupunguza mwendo. Ndiyo maana RPS inaushikilia mkondo mmoja kwenye kori moja.

Mlinzi_wa_Lango: Nashukuru, lakini nimeshaagiza seva mpya yenye kori nyingi zaidi, inafika baada ya wiki mbili. Nadhani ni uamuzi sahihi, hata kwa matumizi ya baadaye.

Mzee_Nyaraka: Mchagua jembe si mkulima.

Shaka_Daima: Mimi nasema hii ni chai. Bandiko la kwanza prosesa ina kori 8. Nimemwomba inbox ile /proc/interrupts yote, ina safu CPU0 hadi CPU15. Nane zimezaa lini? Huyu ana swali la mtihani, anatufanyisha kazi ya darasani.

Kasi_Mpya: Duh. Mods, fungeni uzi.

Bi_Heksa: Mtihani gani unamkosesha mtu usingizi kila jioni? Au mitihani yote 😂

Kobe_Mbio: Chai au si chai, DPDK ingemaliza.

Mlinzi_wa_Lango: Jamani! Kori ni 8 za kushikika, kila moja ina nyuzi mbili, Linux inahesabu 16. Nadanganya ili nipate nini?

Nyuki_8080: Hilo linawezekana kabisa, tuache povu. Mlinzi, maski iandike kwenye tuneli yenyewe, kwa sababu hapo bahasha imeshavuliwa na mikondo ya ndani inaonekana. Ziko 16, zote ni `ffff`. Mtoe namba 3, anapokea interapti na kuvua bahasha, inamtosha. Inabaki `fff7`. Halafu soma thread_siblings_list ya kori 3, inaonyesha nyuzi zinazotumia kori ileile ya kushikika. Kama pacha wake ni 11 mpumzishe naye, andika hivi:

`echo f7f7 > /sys/class/net/gre1/queues/rx-0/rps_cpus`

Kisha chungulia /proc/net/softnet_stat, safu ya pili. Ndiyo pakiti zilizotupwa, na ile nayo ni heksadesimali, usije ukashtuka bure.

Mlinzi_wa_Lango: Nimerudi. Pacha ni 11 kweli. Jioni hii namba 3 imecheza kwenye 60, nyingine kila moja ina kidogo chake, safu ya pili haijasogea tangu saa moja. Asante sana mkuu. Ila seva mpya siirudishi.

Nyuki_8080: Hiyo mpya ina kori ngapi?

Mlinzi_wa_Lango: 64.

Nyuki_8080: Na tuneli zitakuwa ngapi?

Mlinzi_wa_Lango: Ileile moja.