Diski bandia ya shingo: ikishapita miaka kumi mgonjwa anakuwaje?

Fizio wa Jinja

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa wanaoujua upasuaji wa shingo kwa undani. Tunaletewa wagonjwa kwa mazoezi baada ya kuwekewa diski bandia India, C5-6 au C6-7 (kati ya pingili ya 5 na ya 6 ya shingo, au ya 6 na ya 7; kila nafasi tunaiita ngazi), wengine zote mbili kwa mpigo. Wanakuja na barua fupi na CD ya picha. Barua inaishia kwenye "arudi akipata shida", na kurudi huko si safari ya kupanda taksi kwenda Kampala.

Wengine bado hawajapasuliwa. Wameambiwa wachague: wawekewe diski bandia, au diski itolewe na pingili ziunganishwe zisisogee tena. Ukoo unakaa kikao, kipande cha shamba kinatafutiwa mnunuzi, na hakuna pale anayejua kifaa chenyewe kitadumu muda gani.

Nataka kujua haya: baada ya miaka saba au kumi, wangapi wanarudishwa mezani? Diski inaendelea kusogea kweli, au mfupa unaifunga? Na mtu aliye mbali na daktari aliyempasua afuatiliwe vipi?

Dokta wa Uti, Kampala

Swali zuri, na lina majibu. Nitatoa takwimu kwanza, halafu niseme kwa nini zisomwe kwa tahadhari.

Diski bandia aina ya Mobi-C ndiyo ya kwanza kuruhusiwa Marekani kwa ngazi mbili, mwaka 2013. Kwenye majaribio yake, hadi mwaka wa 7, waliowekewa diski ngazi moja na kupasuliwa tena palepale walikuwa asilimia 3.0; waliounganishwa walikuwa asilimia 12.3. Kwa ngazi mbili ilikuwa 4.4 dhidi ya 16.2. Prestige LP ya ngazi mbili, hadi mwaka wa 10: 4.7 dhidi ya 17.6. Bryan ya ngazi moja, hadi mwaka wa 10, ukihesabu upasuaji wa ngazi jirani: 9.7 dhidi ya 15.8.

Kwa hiyo faida ya muda mrefu ni kupungua kwa upasuaji wa marudio, na tofauti kubwa zaidi iko kwa wenye ngazi mbili. Maumivu ya mkono yanapungua vizuri kwa njia zote mbili, maana kinachoiokoa neva iendayo mkononi ni kuondolewa kwa diski iliyotoka na vichomozo vya mfupa. Kazi hiyo inafanyika kabla kifaa chochote hakijaingizwa. Mgonjwa asiyepona mkono ndani ya miezi ya kwanza, mara nyingi neva yake haikufunguliwa vya kutosha, au tangu mwanzo tatizo halikuwa ngazi ile.

Waliounganishwa wanarudishwa kwa sababu mbili kuu. Ya kwanza, mfupa haushiki. Hatari hiyo inapanda kila ngazi inapoongezeka, na kwa mvutaji sigara inapanda zaidi. Ya pili, diski jirani inachakaa. Utafiti mashuhuri wa 1999 ulikadiria kwamba baada ya kuunganishwa, asilimia 2.9 hupata dalili za jirani kila mwaka, karibu robo ya wagonjwa ndani ya miaka 10. Sehemu ya hao ni umri tu: diski jirani ingechakaa hata kama shingo isingeguswa.

Sasa tahadhari. Majaribio ya Marekani yaligharamiwa na watengenezaji, na mgonjwa na daktari wote walijua kilichowekwa. Daktari akimwona mtu aliyeunganishwa analalamika shingo na picha inaonyesha mfupa haujashika, ana kitu cha kurekebisha, anampasua. Mwenye diski akileta malalamiko yaleyale, anaambiwa avumilie. Waholanzi walifanya jaribio la NECK, matokeo yakatoka 2019: ngazi moja, wagonjwa hawakujua wamewekewa nini. Baada ya miaka 2, diski bandia, kijisanduku cha kuunganishia, na kutoa diski bila kuweka chochote vilileta nafuu ileile. Ndiyo maana kwa mtu wa miaka 55 mwenye ngazi moja, siungi mkono shamba liuzwe kwa ajili ya diski. Mwenye miaka 38, ngazi mbili, viungo vya nyuma vizima, huyo tuongee.

Na kabla ya yote: neva iliyobanwa bila udhaifu mkubwa wa misuli mara nyingi inatulia yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Asikimbiliwe na kisu.

Daktari wa Wilaya

Asante, ssebo. Nani hasa hafai diski bandia? Huku tunaandika rufaa, na tungependa kuwachuja mapema.

Dokta wa Uti, Kampala

Hapo ndipo matokeo ya miaka kumi yanapoamuliwa. Usimpeleke kwa diski mtu ambaye viungo vidogo vya nyuma ya pingili vimechakaa. Utamrudishia mwendo mahali ambapo mwendo ndio unaouma. Wasiofaa pia ni hawa: ngazi inayosogea chini ya digrii 2, diski iliyoporomoka zaidi ya nusu ya urefu wake, pingili inayoteleza zaidi ya milimita 3 au kupinda zaidi ya digrii 11 kuliko jirani zake, mifupa iliyodhoofika, shingo iliyopinda kwenda mbele, na mwenye maumivu ya shingo peke yake bila dalili za neva wala za ugwe wa mgongo (kamba ya neva ndani ya uti).

Hapa kwetu ongeza mawili. Ondoa shaka ya kifua kikuu cha uti wa mgongo na ya brusela, hasa kwa watu wa ukanda wa ng'ombe wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa. Homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito ni lazima viulizwe. Kuweka chuma na plastiki juu ya maambukizi yaliyojificha ni maafa.

Mezani nako yapo ya kuharibu. Diski ndefu kupita kiasi, yaani milimita 7 pale palipotosha 5 au 6, inavuta viungo vya nyuma na mgonjwa anaamka na maumivu mapya katikati ya mabega. Diski nyembamba kupita uso wa pingili inaacha mfupa wazi, na mfupa ulio wazi unaota. Vumbi la mfupa lisiposafishwa kwa maji mengi nalo linaota. Aina zenye ukingo unaochimbiwa mfereji ndani ya pingili, kama ProDisc-C, zikiwekwa ngazi mbili zinazofuatana zinaweza kupasua pingili ya katikati, hasa ikiwa fupi.

Picha Mbarara

Nijibu kuhusu mfupa kufunga na ufuatiliaji.

Mfupa unaoota kuzunguka diski hupangwa daraja 0 hadi 4. La 1 na la 2 halizuii mwendo. La 3 linaupunguza, la 4 mfupa umeunga kabisa toka pingili hadi pingili: diski imekuwa kama pingili zilizounganishwa. Linaongezeka mwaka hadi mwaka, hivyo picha ya mwaka wa 2 haitoshi kumwambia mtu kwamba amesalimika. Lakini wengi wenye daraja la 3 au la 4 hawana dalili yoyote. Asitishwe na ripoti. Anayepoteza ni yule aliyelipia mwendo na sasa hana mwendo. Mkono wake kwa kawaida uko sawa. Diski isiyofungwa husogea kwa wastani wa digrii 7 hadi 9 hata baada ya miaka 10.

Picha ya msingi ni eksirei tu: ya mbele, ya ubavu, na ya ubavu akiinama na akiangalia juu. Makosa ninayoyaona ni mawili. Mgonjwa anainama kidogo kwa woga, halafu ripoti inasema "diski haisogei". Mfundishe kuinama kabla hajasimama mbele ya mashine. Pili, mabega yanaficha C7, hivyo ngazi ya C6-7 haionekani kabisa. Mpe vitu vizito kidogo ashike mikono yote miwili ikining'inia, upige akitoa pumzi. Ikishindikana, mkono mmoja uinuliwe juu kama anayeogelea.

Ratiba inayofaa: wiki 6, miezi 3, mwaka 1, miaka 2, kisha kila mwaka au miaka miwili hata kama anajisikia mzima. Linganisha na picha ya kwanza baada ya upasuaji, si ile ya mwaka jana, kwa sababu diski inayozama ndani ya pingili inazama polepole. Angalia pia mstari mweusi kati ya kifaa na mfupa, na mashimo ndani ya pingili.

Mwenye diski aina ya M6-C afuatiliwe kwa karibu zaidi. Kiini chake ni plastiki laini iliyozungushiwa nyuzi, na chembe zinazosagika zimesababisha mfupa kulika kwa baadhi ya wagonjwa, miaka kadhaa baadaye, wakati mwingine bila maumivu. Ukiona shimo usiseme mara moja ni chembe. Pima CRP na ESR (vipimo vya damu vya kutafuta maambukizi), na ikibidi sampuli ichukuliwe, ioteshwe na ipitishwe GeneXpert, kipimo cha kifua kikuu. Kifaa kilicholegea hutolewa na pingili kuunganishwa.

MRI inawezekana kwa nyingi, ila jina la kifaa lijulikane kwanza. Titani inaacha kivuli kidogo. Kobalti-kromu na chuma cha pua vinaficha neva ya ngazi ileile, ingawa ngazi jirani husomeka. Hapo CT yenye dawa ndani ya maji ya uti ndiyo inayosaidia. Mgonjwa adai kadi ya kifaa kabla hajapanda ndege kurudi: jina, saizi, namba ya toleo, ngazi. Na CD ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine akiwa bado hukohuko, nyingi hazifunguki.

Fizio wa Jinja

Nimepata mengi, shukrani. Bado moja: jerikeni kichwani, bodaboda, na diklofenaki ya duka la dawa. Mnawaambiaje?

Nesi wa Wodi ya Mifupa

Dada, jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kifaa. Majaribio yale yote yalifanywa ambako watu hawabebi kichwani, kwa hiyo takwimu zake hazimhakikishii mwanamke anayeteka maji kila asubuhi. Msimamo wangu: asibebe kichwani tena kabisa, awe na diski au ameunganishwa. Familia impangie mwingine au inunue toroli. Wiki 6 za kwanza asinyanyue zaidi ya kilo 5 na asipande bodaboda.

Baada ya hapo anza misuli ya ndani ya mbele ya shingo: amelala chali, anatikisa kidevu kama anayekubali jambo, anashikilia sekunde 10, mara 10. Mwenye diski kwa kawaida hahitaji kola ya muda mrefu. Ikimkaa wiki nyingi inamkakamaza.

Dawa za jamii ya diklofenaki zilitumika wiki 2 baada ya upasuaji kwenye jaribio la Bryan, kusudi mfupa usiote. Ni wiki 2, siyo sindano za duka miezi sita mfululizo. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha amuone daktari kwanza.

Kumeza kwa shida na sauti kukwaruza mara nyingi hupungua ndani ya wiki hadi miezi 3. Sauti isiporudi baada ya hapo, apelekwe kliniki ya masikio, pua na koo. Lakini aliyekuwa anameza vizuri, halafu chakula kinaanza kukwama baada ya miezi au miaka, apigwe eksirei siku hiyohiyo: kifaa kinaweza kuwa kimesogea mbele na kusukuma umio.

Asiyetakiwa kusubiri hata kliniki ya wiki ijayo ni anayeshindwa kufunga vifungo vya shati, anayeyumba akitembea, miguu iliyokakamaa, au mkojo uliobadilika. Huo ni ugwe wa mgongo unabanwa. Aende hospitali ya rufaa yenye mpasuaji wa mishipa ya fahamu, Mulago au Mbarara, na CD yake mkononi.