Vijitabu vya wanafikra: tununue au tusinunue?

Mratibu wa kikundi, Chikongola, Mtwara Mjini

Habari za jioni wadau wa kusini, mlioko Mtwara na Lindi, na nyie mliohamia Dar mkajifanya hamjui ming'oko.

Kikundi chetu cha kusoma kina watu kumi na saba, tunakutana Jumamosi baada ya alasiri. Tumechangishana tangu msimu wa korosho uliopita, zimefika laki sita na ushee. Kwamba hela ni ya vitabu, hatugombani. Tunagombana vitabu gani. Upande mmoja, nami nimo, unataka vile vijitabu vya utangulizi kuhusu wanafikra wa zamani: Socrates, Ibn Khaldun, Adam Smith, Marx, Darwin na wenzao. Kila kimoja kurasa mia na kitu. Mtu wa leo kakaa na maandiko yao miaka, anakueleza huyu bwana alisema nini na kwa nini watu bado wanamgombania. Upande wa pili unasema huo ni uvivu uliovaa miwani, tununue vitabu vyao wenyewe, hata vikiwa vitano tu, tuvisome mwaka mzima.

Kikao cha juzi kilivunjika chai haijaisha, ndiyo maana naleta hapa. Msimamo wangu: kitabu kisichosomwa ni tofali. Mtaani kwetu kuna mzee ana Marx mzima kabatini tangu enzi za chama kimoja, na ukifungua kurasa bado zinanuka kiwandani.

Nawasilisha.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Mratibu, mwanangu, nimefundisha historia na uraia miaka thelathini na miwili. Sina ugomvi na wembamba wa kitabu. Ugomvi wangu ni kile kinachobaki kichwani mtu akishakifunga.

Mchukue huyo Adam Smith. Muulize yeyote aliyemjulia kwenye kijitabu, atakujibu papo hapo: mkono usioonekana, soko liachwe lijiendeshe. Haya, fungua kitabu chake cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, kinene cha kuzuilia mlango. Mkono usioonekana umo mara moja tu. Mara moja! Lakini humo humo kaandika kwamba wafanyabiashara wa kazi moja ni nadra kukutana, hata kwa starehe, maongezi yao yasiishie kwenye njama dhidi ya umma au hila ya kupandisha bei. Niliwahi kuwasomea hayo wakulima wa korosho kijijini kwangu. Walicheka, mzee mmoja akauliza kama huyo bwana alishawahi kuhudhuria mnada. Hilo ndilo ambalo mtoto wa Masasi alistahili kupewa, na kijitabu kikampa lile jingine.

Darwin naye hivyo hivyo. Ule msemo wa aliye fiti ndiye anayesalia, wanafunzi wangu wote walimpa yeye. Aliyeutunga ni mwanafalsafa Mwingereza, Herbert Spencer, 1864, miaka mitano baada ya kitabu cha Darwin, na Darwin akauazima baadaye. Habari za binadamu katika kitabu kile cha 1859 amezigusa kwa kupita, kwamba siku moja mwanga utapatikana. Binadamu alimwandikia kitabu kingine, 1871. Sasa kijana akishalishwa vibaya kwa kurasa mia, nani atamtapisha? Asiyejua kabisa huwa anauliza. Aliyemaliza kijitabu haulizi tena.

Mdau, Nachingwea

Mwalimu kamaliza. Mimi nimekaa pale nasubiri watakaopinga.

Kijana, Kilwa Masoko

Shikamoo mwalimu. Mifano naikubali, hukumu siikubali. Umenieleza Smith na Darwin kwa aya mbili, nami nimeelewa kitu ambacho jana nilikuwa sikijui. Hizo aya mbili zako tuziite nini kama si utangulizi mfupi?

Halafu tusifanye kama unene ni ushahidi wa ukweli. Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, alitoa kitabu chake kikubwa 1781, kurasa zaidi ya 800, na wasomi wenzake wakalalamika hawamwelewi. Miaka miwili baadaye akatoa kingine chembamba cha kuufungua ule mzigo. Marx na Engels walipotaka kusikika upesi, 1848, walitoa kijitabu, si gunia. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, 1967, unaianza ukipanda basi Nangurukuru na hujafika Lindi umeimaliza. Je, nayo ni uvivu?

Na Socrates mnamfanyaje? Yule hakuacha hata mstari mmoja. Aliuawa Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, na tunayoyajua juu yake tumesimuliwa na wengine, zaidi Plato na Xenophon, ambao Socrates wao hawafanani. Anayekataa kusimuliwa atampata wapi?

Mwalimu mstaafu, Masasi

Marahaba. Kant alijifupisha mwenyewe, Nyerere aliandika kwa mkono wake. Mpishi akiongeza maji kwenye mchuzi wake anajua ladha gani inapotea. Mpita njia akiongeza, tunakunywa maji.

La Socrates umenipata. Nitalala nalo.

Mpima ubora wa korosho, Tandahimba

Mimi si msomi, ila kazi yangu ghalani ni sampuli, naona mnazungumza kazi yangu bila kunitaja.

Mzigo ukija hatumwagi magunia yote chini. Tunachukua kidogo, tunapima unyevu, tunahesabu, tunakata korosho tunaangalia ndani: nzima, iliyooza, iliyosinyaa. Kwa kile kidogo mzigo mzima unapewa daraja. Kwa hiyo anayesema kidogo hakiwezi kueleza kikubwa, karibu ghalani aone. Lakini sampuli ina adabu yake. Unatoboa gunia juu, katikati na chini, na si gunia moja tu. Ukichota mdomoni mwa gunia, ambako mwenye mzigo kapanga zile nzuri, umeshadanganywa kabla hujashika kisu. Wengine chini wanaweka mchanga.

Mkono usioonekana wa mwalimu ni korosho ya mdomoni. Zile njama za wafanyabiashara zilikuwa katikati ya gunia, aliyeandika kijitabu hakutoboa huko. Basi kabla hamjanunua, fungueni kila kimoja muangalie: je, mwandishi kaonyesha na zilizooza? Kama mwanafikra wake hana kosa hata moja, hajawahi kugeuza msimamo, hana mpinzani mwenye akili, rudisheni dukani.

Ustadhi, Mikindani

Assalaam alaykum. Huyu wa Tandahimba Mungu amzidishie.

Tulipopelekwa chuoni wadogo hatukuanzishiwa vitabu vinene. Tulianza na Safina, kijitabu cha fikihi kinachoingia mfuko wa kanzu. Matini kwanza, sharhe ya kuyafafanua baadaye, na anayeendelea mbele anakutana na hashia, maelezo ya ziada pembeni mwa ukurasa. Mpango huo una karne nyingi, kwa hiyo tusibishane kana kwamba utangulizi mfupi umeletwa juzi kwa meli. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyeachiwa Safina akaisome mwenyewe chini ya mkorosho. Sheikh alikuwa mbele, kila neno analifungua, na ukikosea anakurudisha.

Sasa, mratibu amemtaja Ibn Khaldun kwenye orodha yake, nikacheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Bwana huyu, mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, katika Muqaddima, kitabu chake cha utangulizi wa historia alichokiandika 1377, ameweka sehemu mahususi ya kulalamikia vitabu vya muhtasari! Anasema wingi wake unaharibu ufundishaji. Waandishi wanashindilia maana nyingi ndani ya maneno machache, mwanafunzi anayeanza anatupiwa hitimisho la elimu kabla hajawa tayari kulipokea, kisha muda wake unaishia kufumbua maneno badala ya kuelewa jambo. Hebu mfikirieni mtu anayeandika kijitabu cha kurasa mia kuhusu Ibn Khaldun. Akifika hapo anafanyaje? Akipaweka, amejishitaki. Akiparuka, amemdhulumu maiti.

Lakini mwalimu wa Masasi asishangilie, sijamaliza. Karibu na hapo hapo anaeleza elimu inavyopaswa kufundishwa, nayo ni kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza mwanafunzi anapewa masuala makuu kwa jumla, kwa kadiri akili yake inavyobeba. Wa pili anarudishwa mwanzo, safari hii kwa maelezo na hitilafu za wanazuoni. Wa tatu hakuachwi gumu lolote. Kwa hiyo kuanza na jumla hakukatai. Analokataa ni mshindilio, na kumtanguliza mtoto mahali pa kufikia kana kwamba ndipo pa kuanzia. Na katika mizunguko yote mitatu yumo anayefundisha.

Kwa hiyo laki sita zenu sizitilii shaka. Nauliza hiyo Jumamosi alasiri, sheikh wenu ni nani?

Mama wa samaki, Feri, Mtwara

Mimi ni mmoja wa hao kumi na saba na mchango wangu nimetoa kamili, naomba nisikilizwe bila kukatizwa kama juzi.

Mmeandika mpaka mmechoka, kurasa mia, kurasa elfu, hakuna aliyeuliza lugha. Vijitabu anavyovitaka mratibu nimeonyeshwa picha zake kwenye simu: Kiingereza. Vinene mnavyovitaka nyie wengine: Kiingereza pia, tena cha kale. Kidato cha nne nilimaliza zamani, na Kiingereza changu mpaka wake ni majina ya dawa. Juzi niliambiwa "utazoea". Nizoee nini saa kumi na mbili jioni nikitoka kupara samaki?

Nyerere alipotaka tumjue Shakespeare hakutuletea muhtasari. Alikaa akatafsiri mchezo mzima, Julius Caesar 1963, na Mabepari wa Venisi 1969. Hicho cha pili nilikisoma nikiwa shule, na yule mkopeshaji anayedai ratili ya nyama nilimwelewa vizuri sana nilipokuja kukopa kausha damu. Hakuna aliyenieleza.

Na la mwisho. Katika orodha yenu ya watu wenye fikra hakuna mwanamke hata wa kusingizia. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi, 1858, beti mia na chache. Ni kifupi, kaandika mwenyewe, na si Kiingereza. Yeye hakufikiri?

Ustadhi, Mikindani

Alifikiri, mama, na wengi wamebishana naye, maana mambo anayomwagiza bintiye kuhusu mume si wote wanayameza. Ila ni Kiswahili cha kaskazini, kile cha Lamu na Pate. Bila sharhe hata mimi kuna maneno nakwama.

Mama wa samaki, Feri, Mtwara

Basi huo ndio utangulizi ninaoutaka mimi. Wa kunifungulia neno, usiniambie niwaze nini.

Mmatumbi, Kipatimu

Nimesoma yote. Naongeza moja, huenda likawachefua.

Mnatafuta vijitabu vya watu wa Athens na Tunis, sipingi. Huku kwetu vita ya Maji Maji ilianza Julai 1905 kwa kung'oa pamba Nandete. Nyuma ya kung'oa kule palikuwa na fikra: kwamba watu wa koo na makabila yaliyokuwa hayaelewani waweze kunywa maji mamoja na kumkabili Mjerumani pamoja. Kinjikitile, mganga aliyeyatoa maji hayo, alinyongwa Agosti mwaka huo huo, vita bado mbichi. Watoto wa shule hapa ukiwauliza alifikiri nini, watakwambia "alisema risasi zitageuka maji". Basi. Mkono usioonekana wa kwetu.

Na wale waliokwenda mbele kidogo wanakusimulia tamthilia ya Ebrahim Hussein ya 1969 kana kwamba ni kumbukumbu ya mahakama, wakati mwandishi mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake si yule mtu wa historia. Masimulizi ya wazee yalikusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1968, wakati baadhi ya walioiona vita walikuwa bado hai na wanakumbuka. Yule naye kama Socrates, hakuandika, tunamjua kwa midomo ya wengine, na baadhi ya midomo hiyo ni ya maofisa waliomuua. Kijitabu cha kurasa mia kinachosema wazi "hili limetoka kwa Wajerumani, hili kwa wazee, hapa hawapatani" ningekinunua leo, hata mwalimu akikiita maji.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Hicho nisingekiita maji. Hicho kimetobolewa juu, kati na chini.

Kijana wa Kilwa, nimelala na Socrates wako. Nilichoamka nacho ni hiki: tunamjua kwa sababu wasimulizi walikuwa wawili na hawakupatana. Angebaki mmoja tu, tungekuwa na kijitabu. Kwa hiyo mkinunua, nunueni viwili kwa mtu mmoja, vya waandishi wanaogombana.

Kijana, Kilwa Masoko

Hapo nakuunga mkono mwalimu, japo laki sita zitaishia kwa wanafikra wachache mno.

Mratibu wa kikundi, Chikongola, Mtwara Mjini

Wadau, nimewasoma. Leo tumekaa tena, safari hii chai tuliimaliza.

Hela hatujaigusa. Upande wangu haujashindwa, naomba ieleweke, bado naamini vijitabu vitaingia. Tulichokubaliana ni Jumamosi ijayo tu: ustadhi atakuja kutoka Mikindani na Muqaddima yake ya Kiarabu, atatusomea ile sehemu ya kulaani vitabu vya muhtasari, anafasiri palepale kwa Kiswahili. Mimi nimepewa kumtetea mwandishi wa vijitabu. Mwalimu kasema atapanda basi la asubuhi kutoka Masasi, nauli juu yake. Mpima ubora kaomba ruhusa kazini. Ndugu wa Kipatimu, ni mbali, ila andika japo kurasa mbili za Kinjikitile utume, tutazisoma kwa sauti.

Mama wa samaki ndiye mwenyekiti wa siku hiyo, kwa kura kumi na mbili.

Mama wa samaki, Feri, Mtwara

Nimekubali. Kiti changu kiwe karibu na mlango, ngalawa zikichelewa kuingia nitawaacha na Ibn Khaldun wenu.