F-35 haina HUD: je, skrini yake moja pana inaizidi kokpiti ya Rafale, Gripen E na F-16 Block 70?

Tai_wa_Mlimani

Wakuu, heshima mbele. Mijadala ya ndege vita humu huishia kwenye kasi na makombora. Leo nataka tuangalie anachokiona rubani. F-35 ina skrini moja pana ya kugusa, HUD (kile kioo cha mbele kinachomwonyesha rubani mwendo, kimo na shabaha huku akitazama nje) imeondolewa. Rafale ya Wafaransa imebaki na HUD yake, Gripen E ya Uswidi ina skrini pana na HUD pia, F-16 Block 70 bado ina zile skrini mbili ndogo tu.

Kwa nini Wamarekani waliitoa HUD? Mtu anagusaje skrini akiwa na glavu, ndege inavuta 7G (kona kali inayomfanya awe mzito mara saba)? Na skrini ikizima angani, anarudije? Anayezijua Su-30 za Uganda naye atuambie ziko daraja gani kwenye hili.

FundiAvioniki

Mkuu, HUD haikufutwa, ilihamia kichwani. HUD ya kawaida ni kipande cha kioo kilichofungwa mbele ya rubani. Akigeuza shingo kumsaka adui upande wa kushoto, mwendo, kimo na alama ya shabaha vinabaki kule mbele. Helmeti ya F-35 humchorea vyote hivyo kwenye kioo cha usoni popote anapotazama, na inaongeza picha ya kamera sita za infraredi (zinazoona joto) zilizopachikwa kuizunguka ndege. Akiinamisha kichwa anaona ardhi iliyo chini, badala ya magoti yake na sakafu.

Bei ya helmeti moja ni kama dola 400,000, na huwezi kuazima ya mwenzako. Hupimwa kichwa cha mwenyewe, na macho yake lazima yakae sawasawa na mitambo ya kuonyesha. Ikipishana milimita chache tu picha zinakataa kukaa pamoja.

Matatizo hayakukosekana. Mwanzoni ndege ikitikisika maandishi nayo yalicheza, hadi zikaongezwa sensa za mwendo. Lililosumbua zaidi ni mng'ao wa kijani. Skrini ya LCD hata ikionyesha nyeusi, taa yake ya nyuma huvuja kidogo. Mchana huoni kitu. Usiku usio na mwezi, rubani anapotafuta taa hafifu za meli ya kubebea ndege ili atue, ukungu ule wa kijani unazimeza. Dawa ilikuwa OLED: kila nukta inawaka yenyewe, isiyowaka ni giza kweli.

Kisha uzito. Mwaka 2015 marubani wenye chini ya kilo 62 walizuiwa kuirusha kwa hofu ya kuvunjika shingo kiti cha dharura kinapowarusha nje ya ndege. Zuio liliondolewa 2017, baada ya helmeti kupunguzwa uzito, kiti kuwekewa swichi ya kuchelewesha parachuti kwa rubani mwepesi, na mikanda ya parachuti kupewa kitambaa cha kuegemeza kichwa.

Saa_Sita_Juu

Kwenye 7G hakuna anayegusa skrini, ondoa hiyo picha kichwani. Mkono wa kilo 4 unakuwa na uzito wa kilo 28, hauinuki. Wakati wa mapambano kazi zote hufanywa kwa vitufe vilivyo kwenye usukani na kwenye mkono wa gesi. Kursa ya skrini inasogezwa kwa kidole kimoja, viganja havibanduki. Kugusa ni kwa safari tulivu: kubadili masafa ya redio, kufungua ukurasa wa mafuta, kukuza ramani.

Balaa ni hewa yenye misukosuko. Skrini za zamani za F-16 zina ukubwa wa inchi 4 kwa 4, na pembezoni vitufe 20, vitano kila upande. Rubani anaegemeza kidole kwenye fremu, anahesabu kwa kupapasa, anabonyeza na kitufe kinaitika. Hakuinama hata kidogo. Skrini ya kugusa ni kioo kitupu, haiitiki. Lazima atazame kuhakikisha amegusa palepale. Kwenye kilomita 900 kwa saa, sekunde moja ya kuinama ni mita 250 ambazo hakuangalia nje.

Ndiyo maana mimi naona Wafaransa waliyafikiria macho kuliko wote. Chini kidogo ya HUD ya Rafale kuna skrini ambayo picha yake imetengenezwa ionekane kama iko mbali. Jicho likitoka kutazama upeo wa macho na kushuka kwenye skrini halilazimiki kujirekebisha kama mtu anayesoma gazeti. Skrini za kugusa ni mbili za pembeni, kwa mambo yasiyo na haraka.

Typhoon, ndege vita ya nchi za Ulaya, ina njia nyingine: rubani anaitamkia amri. Ila kufyatua silaha au kushusha magurudumu havifanywi kwa sauti.

Kipanga_254

Mleta mada, sahihisho: F-16 Block 70 ina skrini ya tatu katikati, juu ya magoti, inchi 6 kwa 8, iliyochukua nafasi ya mitambo ya mishale.

Halafu mnapima inchi, wakati tofauti kubwa iko nyuma ya kioo. Chukua F-16C ya zamani. Rada inaonyesha alama kilomita 60 mbele. Kiashiria cha kuonya kuhusu rada za adui, ambacho ni kioo kingine, kinasema kuna mtu anakumulika kutoka upande huo. Redio inasema wenzako wameona ndege mbili. Ni adui mmoja, wawili au watatu? Jibu linapikwa kichwani mwa rubani huku anaendesha. F-35 huchanganya rada ya APG-81, kamera, vinasa mawimbi na taarifa za ndege wenzake, kisha inamchorea alama moja kwa kila shabaha. Skrini ya inchi 20 kwa 8 ingekuwa televisheni tu bila kazi hiyo.

 

Su-30MK2 za Uganda ni sita. Zina HUD, skrini za rangi na wahudumu wawili, kwa hiyo kuunganisha taarifa ni kazi ya vichwa viwili vinavyoongea. Rada yake ya N001VEP ina antena inayogeuzwa kimitambo. Inafuatilia shabaha 10 na kushambulia 2 kwa pamoja. Tuiite daraja la F-16C, yenye umbo kubwa.

FundiAvioniki

Swali la kuzima limesahaulika. Skrini ya F-35 ni vipande viwili vya inchi 10 kwa 8 vinavyojitegemea. Kimoja kikifa, kurasa muhimu zinahamia kwa mwenzake. Vikifa vyote, chini kuna skrini ndogo ya akiba inayoonyesha mlalo wa ndege, mwendo na kimo. Inatosha kutua, haitoshi kupigana. Gripen E imetenganisha programu ya kuruka na programu ya misheni, hivyo ramani ikigoma usukani hauna habari.

Tai_wa_Mlimani

Nimewapata wakuu. Swali la mwisho: ule mfumo wa auto wa kuzuia ndege isigonge ardhi, F-16 nayo inao, au ni F-35 peke yake?

Kipanga_254

F-16 ndiyo ilianza, 2014. F-35 ilipata 2019. Rubani akizimia kwa G, kompyuta inalinganisha njia ya ndege na ramani ya milima, inanyoosha mabawa na kuvuta juu kwa 5G, kisha inamwachia usukani.